Masikio Kwenye Chaji, Kutoka Ntobeye Hadi Nemba

Ntobeye hadi Kibimba

Tuliondoka Ntobeye siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu ukiwa umeikalia migomba kiasi kwamba nyumba ya jirani nilijua ipo kwa kukumbuka tu. Naandika haya kwa ajili yenu wa bwenini, mlioniuliza kilichotokea nikainama na kusema, "Hakuna." Kilikuwepo. Ila mnanijua: mdomoni maneno yangu hukwama, kwenye karatasi hutembea.

Tulikuwa tunakwenda Nemba, upande wa Biharamulo, kwa dada yangu Goreti aliyeolewa huko. Mwanawe wa miezi mitano alikuwa abatizwe Jumapili, na dada alinitaka mimi niwe mama wa ubatizo. Mimi, nisiyeweza kuomba nisogezewe chumvi mezani. Padre huuliza, na mama wa ubatizo hujibu mwenyewe, mbele ya watu wote. Hilo ndilo nililoliogopa wiki nzima, maana ili ujibu swali lazima kwanza ulisikie.

Mashine zangu mbili za masikioni mmeziona. Msichojua ni jinsi zinavyokula. Hazibadilishwi betri. Unazivua, unazilaza ndani ya kisanduku chake kama vifaranga viwili, unachomeka waya, na taa nyekundu inakaa mpaka zishibe, ndipo inageuka kijani. Zikiwa kisandukuni haziko masikioni. Kwa hiyo mimi huchagua moja: kusikia au kuchaji.

Wiki ile mawingu hayakuondoka, sola yetu ikawa haina nguvu hata ya kuwasha balbu ya sebuleni. Na dada alishaniandikia kwamba betri ya sola yao imekufa kabisa: "Uje umeshiba huko huko." Nikabaki na tegemeo moja, gari la Baba mdogo Deo.

Ni pikapu ya zamani ya milango minne, ambayo siku nyingine hubeba ndizi. Kwenye tundu la kuwashia sigara amechomeka chaja yenye matundu mawili; moja limekufa, moja linafanya kazi. Na ana sheria yake, ambayo nilisomewa kabla sijafunga mkanda.

"Injini ikilia, chaji. Injini ikinyamaza, chomoa. Hata ingekuwa simu ya askofu."

"Sawa, Baba mdogo."

"Unajua kwa nini? Nilikwenda msibani Rulenge. Nimezima gari, wafiwa wanakuja: nichajie kidogo, nichajie kidogo. Utamkataliaje mtu analia? Nilikwenda na gari, nikarudi na baiskeli."

Nilicheka, nikavua mashine, nikazilaza, nikachomeka. Taa nyekundu. Dunia ikafungwa.

Sijawahi kuwaeleza ukimya wangu ukoje. Si giza. Ni kama kuangalia kila kitu kikiwa chini ya maji safi. Gari linapanda mlima na sauti yake inaingia kupitia kiti, mgongoni. Wanawake wanateremka na vikapu, midomo inafunguka na kufumba. Mbwa anabweka na hakuna kinachotoka. Ukungu ulikuwa unachanika taratibu mabondeni, vipande vikibaki vimenaswa kwenye mikaratusi kama pamba. Nilijiona siko safarini. Nilikuwa nakumbuka safari niliyowahi kwenda zamani.

Kibimba tulimkuta Shangazi Spesioza, dada mkubwa wa baba na wa Baba mdogo, amekaa juu ya mkungu wake wa ndizi kando ya barabara, mwavuli mkononi, uso umevimba kwa kungojeshwa. Nilihamia kiti cha nyuma, nikampa shikamoo, nikaona midomo yake ikirudisha marahaba. Akaingia mbele. Akaona kisanduku changu chenye taa, akakigeuza geuza. Nafikiri alidhani ni kibweta cha rozari, hizi zinazowaka. Akakichomoa, akanikabidhi kwa heshima, akachomeka simu yake.

Nilikaa nyuma ya dereva, na kile kioo cha juu kilinipa uso mzima wa Shangazi. Mnajua nasoma midomo. Kiswahili nakisoma nusu nusu. Kihangaza cha nyumbani nakisoma kama kitabu.

"Huyu mtoto atamjibu padre nini?" alimwambia Baba mdogo. "Nimemwita anishikie mwavuli, nikamwita tena, anatazama ukungu. Mimi nimebeba gauni langu jeupe. Lolote likitokea, nasimama mwenyewe."

Jibu la Baba mdogo sikulipata. Kwangu yeye alikuwa kisogo tu.

Kibimba hadi Nyakahura

Nilivaa mashine zikiwa zimekula kidogo mno. Sauti zikarudi zote pamoja kama watu wanaosukumana mlangoni: injini, mkungu ukigonga bodi, Shangazi akibishana na mtu kwenye simu kuhusu vitenge vya sare. Mpaka tunaishika lami walikuwa bado hawajakubaliana juu ya rangi ya njano. Na simu inayoongea hivyo haishibi.

Tulipita Benako, na baada ya hapo tukakuta msururu mrefu wa magari kwenye mlima. Lori la saruji lilikuwa limelala likakata barabara. Dereva wake hakuumia; alikuwa amekaa juu ya jiwe, mweupe mwili mzima kama mtakatifu wa plasta, anakunywa soda. Madereva wengine walishaanza kupika, na hapo ndipo unajua hakuna haraka.

Baba mdogo akazima injini, akanyoosha mkono.

"Dada, toa simu."

"Deo, ndiyo kwanza inaanza kunywa."

"Hata askofu."

Mbele yetu kulikuwa na lori la kutoka Bujumbura, na dereva wake, Mrundi mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa anakaanga vitunguu kwenye jiko la gesi chini ya tela. Shangazi alimsalimu kwa Kihangaza, yeye akajibu kwa Kirundi, wakaelewana vizuri kiasi cha kugombana. Yeye anatia mawese kwenye maharage. Shangazi alisema nyumbani kwake mtu angefanya hivyo angekula peke yake. Dereva akatupakulia wote. Shangazi alimaliza sahani, akaomba nyingine.

"Si ulisema hayaliki?" Baba mdogo akamuuliza.

"Naangalia kosa liko wapi."

Juu ya tairi la lori dereva alikuwa ameweka simu, imeunganishwa na kitu cheusi, bapa, kama mche wa sabuni. Baba mdogo akauliza ni nini.

"Pawabenki, ndugu yangu. Gari likitembea, hii inakunywa. Gari likisimama, simu inakunywa kwa hii. Betri ya lori siigusi. Nikiigusa nitalala na fisi."

"Kumbe ni ngamia."

"Ngamia mdogo," dereva akakubali.

Nilikitazama kile kitu. Waya wa kisanduku changu ungeingia pale pale. Nikaanza kutunga sentensi. Samahani kaka, hapana, ni mkubwa, labda mjomba. Samahani mjomba, naomba kuchaji. Atauliza unachaji nini, nitasema masikio? Nikaifuta, nikaianza upya, nikaongeza neno la shukrani kwa ajili ya chakula. Nilipoinua uso nikiwa tayari, watu walikuwa wanakimbilia magari. Njia imefunguliwa upande mmoja. Mjomba wa watu alishafunga jiko lake na kupanda juu.

Ilikuwa sentensi nzuri sana. Bado ninayo.

Nyakahura hadi darajani

Ukishapita Nyakahura, msitu unakuja mpaka kando ya lami. Mashine zangu zikikaribia kuzima hulia kengele ndogo za kushuka, kama mtu anayeteremka ngazi. Sikio la kushoto liliteremka wakati Baba mdogo anasimulia jambo kuhusu nyani. La kulia likalifuata kabla hatujafika Lusahunga. Waya wa simu ya Shangazi ulikuwa unaning'inia pale mbele, ukiyumba, na mimi nikiuangalia kama mtoto anayeangalia sahani ya wageni.

Halafu nikaacha kuuangalia. Malori yalitupita kama nyumba zinazohama, bila hata mtikisiko. Nyani walikaa kando ya barabara, mikono magotini, wakitusubiri tupite. Mvua ilinyesha upande mmoja wa gari tu. Kwenye dirisha langu matone yalikimbia, kwenye lile lingine kulikuwa na jua. Nikalala. Nikaota nasikia mtu ananiita kutoka chini ya kisima, nikaamka, na kwa muda sikujua ni wapi nilipokuwa nasikia na wapi nilipokuwa nimelala.

Biharamulo tulipita bila kushuka, tukaingia njia ya vumbi, ambayo siku ile ilikuwa njia ya tope. Jua lilikuwa linazama tulipofika kwenye mto mdogo bondeni na kukuta daraja la mbao halina mbao. Zilikuwa zimeng'olewa zote na kupangwa kando, na ng'ambo wanaume walikuwa wamekaa juu ya magogo mapya, wamechoka. Baba mdogo alishuka, akaongea nao kwa mikono miwili. Akarudi dirishani kwangu, akainama ili nione mdomo.

"Kesho."

Nemba bado ilikuwa mbali, si mwendo wa miguu. Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa ya Mama Kulwa, mjane wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Alitupokea kama vile tumechelewa kufika. Tulipewa ugali wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa, na maziwa ya mgando, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, imechemshwa na karanga. Shangazi aliunusa ugali, akasema ameshiba. Akaiona michembe, akasahau kwamba ameshiba.

Wenyeji waliongea Kisukuma, na midomo ya Kisukuma siwezi kuisoma hata kidogo. Ni kama kuangalia moto. Wakicheka nacheka, kwa kuchelewa. Nje kuna mtu alikuwa anatwanga, na kila pigo la mchi lilinijia kupitia nyayo, taratibu, kama nyumba yenyewe inapumua.

Nililala mapema, kisanduku mkononi. Gauni jeupe la Shangazi lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ukutani, limesimama kama mtu anayesubiri zamu yake. Niliwaza: basi, keshokutwa nitasimama mbele ya padre ndani ya maji yangu, nitatazama mdomo wake, ataweka kitabu mbele ya mdomo, na mimi sitajibu kitu.

Kwa Mama Kulwa

Asubuhi nilipoamka mkono wangu ulikuwa mtupu.

Nilipekua shuka, nikapekua chini ya mkeka, nikatoka nje. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari ulio wazi. Kisanduku changu kilikuwa ndani, kimechomekwa kwenye chaja, taa haipo. Ufunguo ulikuwa mahali pake, umewashwa. Aliuzungusha. Hakuna kilichotokea, hata zile taa ndogo za mbele ya dereva.

Akanigeukia. Aliongea haraka, nikashika neno moja moja: sheria, askofu, mtoto gani. Sikujua kisanduku kimefikaje pale, na hata ningejua, mnanijua. Machozi yakaanza yenyewe.

Shangazi akatoka na mswaki mdomoni. Akautoa. Akaja akasimama kati yetu, na badala ya kumgeukia mdogo wake akanigeukia mimi. Siku nzima ya jana hakuwahi kunigeuzia uso. Akasema polepole, kila neno limekaa vizuri mdomoni:

"Ni mimi."

Mengine nilielezwa baadaye. Jioni ile nilipokwisha kulala, Shangazi aliniuliza kama blanketi linatosha. Sikujibu. Akaja kunifokea, akanikuta nimelala na kisanduku kimefunguka mkononi, mashine zimo ndani. Hapo ndipo alipoelewa kwamba alichokichomoa kule Kibimba si kibweta cha rozari. Alichukua ufunguo kwenye koti la Baba mdogo, akaenda garini, akauzungusha mpaka taa zikawaka, maana alijua bila ufunguo chaja haifanyi kazi. Akakichomeka. Alisema atasinzia kidogo halafu aende kuzima. Aliamka jogoo anawika.

Na alikuwa amekichomeka kwenye lile tundu lililokufa.

"Kisanduku chenyewe hakili kitu," Baba mdogo alisema, hasira imemshuka, akifungua boneti. "Hata kingeshika, kisingemaliza betri. Ni ufunguo, Dada. Umewasha kila kitu, mpaka feni. Na betri yenyewe mzee kama wewe."

"Mzee ni gari lako."

Gari hilo ukilisukuma huwaka, lakini tulikuwa bondeni, kwenye tope, na huku na huku ni mlima. Mama Kulwa akaja, mikono kiunoni; maneno yake Shangazi alinisimulia baadaye, kwa lafudhi yake ile ile.

"Gali limekufa?"

"Limelala, mama."

"Basi nileteeni Diwani."

Diwani alikuwa ng'ombe. Mwenzake aliitwa Mgambo. Ndio wanaomlimia Mama Kulwa, na aliwafunga nira mwenyewe, akapitisha mnyororo kwenye ndoano ya mbele ya pikapu. Baba mdogo akakaa kwenye usukani kama bwana harusi. Mgambo akavuta mara moja. Diwani alisimama akaliangalia gari.

"Huyu havuti kitu mpaka aone faida yake," Mama Kulwa akasema. "Ndiyo maana nikampa jina hilo."

Wakamwonyesha majani ya viazi, akaona faida. Gari likapanda kilima kwa mwendo wa jembe, tairi zikigeuka polepole kama mtu anayewaza, ukungu wa huku, mwembamba kuliko wa kwetu, ukipita kati ya pembe za ng'ombe. Mimi nilitembea nyuma bila sauti yoyote duniani, na niseme ukweli, katikati ya aibu na hofu niliona ni jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuona.

Kileleni wakawafungua. Wanaume wa darajani wakasukuma, gari likateremka. Injini kuwaka sikuisikia. Niliona moshi mweusi, nikaona midomo ya watu wote imefunguka kwa pamoja, na Diwani ameruka pembeni kama mbuzi.

"Usizime," kila mtu alimwambia Baba mdogo, ambaye hakuwa na mpango huo.

Mama Kulwa akagonga bodi. "Ng'ombe wangu wamelivuta. Sasa nalo livute maji."

Kisima kiko nyuma ya kilima cha pili, na betri ilihitaji injini itembee muda mrefu ndipo irudishe nguvu, kwa hiyo Baba mdogo hakubisha. Madumu yakapakiwa. Na hapo majirani wakaja na simu. Kwao pia mawingu yalikuwa yameua sola. Wakaja na simu, na tochi, na redio yenye kishikio kilichofungwa kamba, na wale wa darajani na zao. Tundu ni moja. Dirisha likajaa mikono na waya. Niliona ya jana yanarudi vile vile, na safari hii sikuwa na sentensi yoyote.

"Yangu kwanza," nikasema.

Sijisikii nikiwa sina mashine, kwa hiyo sijui nilisema kwa nguvu kiasi gani. Naweza kukadiria tu, maana kuku waliokuwa chini ya gari waliondoka. Midomo yote ikafumba. Mama Kulwa akacheka mpaka akashika mlango. Shangazi akachukua waya wangu, akamwondoa mtu mmoja mkono, akachomeka kwenye tundu lililo zima. Taa nyekundu.

Asubuhi yote tulikwenda kisimani na kurudi. Shangazi alihama, akaja kukaa nami nyuma, na kila akitaka kusema kitu alinigusa goti kwanza.

"Kule Kibimba uliniona kwenye kioo?"

"Nilikuona."

Akatazama mikono yake. Madumu yalikuwa yanamwaga maji kidogo kidogo, na barabara nyuma yetu ilikuwa na mstari unaong'aa.

"Gauni nimelibeba kwa kuogopa aibu. Si kwamba sikutaki."

"Najua," nikasema. Sikuwa najua, lakini baada ya kusema nikajua.

"Na ukiwa hivyo, hujavaa, unasikia nini?"

Nikafikiri. "Kiti."

Akaweka kiganja chake kwenye kiti, akafumba macho, akabaki hivyo mpaka kisimani.

Taa ilipogeuka kijani nilichomoa mwenyewe na kupokea simu ya kwanza kwenye mstari. Baada ya hapo kila safari ya maji ilikuwa na simu yake. Ya Shangazi ilikuwa ya mwisho. Aliisahau kwa hiari. Kabla jua halijaanza kushuka, mbao za daraja zilikuwa zimegongwa zote, na kwa Mama Kulwa hata sufuria zilikuwa zimejaa maji.

Darajani hadi Nemba

Tulivuka polepole, Baba mdogo akitoa kichwa nje kuangalia tairi. Njia iliyobaki ilikuwa mihogo na mahindi mpaka mwisho wa macho, na njia nyekundu katikati. Sikuvaa mashine. Zilikuwa zimeshiba na nilitaka zifike hivyo. Nilifika Nemba kimya, dada Goreti akanishika uso kwa mikono miwili na kuongea maneno mengi, na mtoto mgongoni mwake akinitazama kwa macho ya mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Jumapili nilizivaa mlangoni mwa kanisa. Kwaya ikaniingia yote. Shangazi alikuwa amevaa gauni lake jeupe, akisema gauni halina kosa, akakaa benchi la nyuma yangu. Ilipofika zamu yetu nilisogea mbele. Padre alikuwa ameinamia kitabu kama nilivyoogopa. Mdomo wake sikuuona kabisa.

Lakini swali nililisikia. Aliniuliza kama niko tayari kuwasaidia wazazi wa mtoto huyu. Kiganja cha Shangazi kikanigusa mgongoni kunijulisha kwamba nimeulizwa, na kilipogusa nilikuwa nimeshajibu.

"Niko tayari."

Sauti nyembamba, lakini niliitambua. Kisha maji, na mtoto, Gaspari, akalia, na kilio chake nilikisikia chote, mwanzo mpaka mwisho.

Jioni nilikuwa jikoni na dada tukimenya ndizi za Shangazi. Shemeji Masanja alikuwa nje na wageni. Dada aliacha kisu.

"Unajua kwa nini nilikutaka wewe?"

"Kwa sababu mimi ni mdogo wako."

"Naogopa kumpima masikio," akasema. "Tangu azaliwe. Mlango ukibamizwa akiwa amelala, haamki. Siku nyingine najiambia amechoka tu. Masanja sijamwambia. Nikasema, ikiwa ni hivyo, basi awe na mtu anayejua kukoje."

Nilimwambia kwamba kama ni hivyo, nitamfundisha kila kitu, na chaji pia. Akacheka, akafuta macho kwa mkono wenye utomvu wa ndizi, ikawa balaa.

Usiku nilizima mashine kubana chaji. Jumatatu niliamka kabla ya wengine. Nilizivaa kwanza, maana bila kujisikia mwenyewe nisingejua kama nanong'ona au napiga kelele. Gaspari alikuwa macho kwenye mkeka sebuleni, akipiga miguu, akitazama tundu dogo la bati lililokuwa linaingiza mwanga. Nilipiga magoti nyuma ya kichwa chake, mahali ambapo asingeniona wala kuona kivuli changu. Nikangoja mpaka moyo upungue kelele.

"Gaspari," nikasema, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizonazo.

Miguu ikasimama.

"Gaspari."

Akageuza kichwa, upande huu, kisha juu, akanitafuta mpaka akanipata.

Sikusimama, sikwenda kugonga mlango. Nilibaki pale pale kwenye mkeka nikamwita dada kwa sauti, nyumba nzima ikaamka.